Kamba na Ngamia

Sisi Waswahili tukimwona mtu ametulia peke yake, macho yake yako mbali, hatusemi anafikiri. Tunasema ana mawazo. Na mtu mwenye mawazo katika lugha yetu si mtu mwenye akili nyingi. Ni mtu mwenye shida: anadaiwa kodi ya chumba, kaachwa na mchumba, au kuna mgonjwa nyumbani. Ndiyo maana jirani mwema akikukuta hivyo hakuachi. Anavuta kigoda, anakaa karibu, anakuambia, "Acha mawazo, ndugu yangu." Na kama hakujui vizuri atasema umezubaa, au unavuta bangi.

Mimi nimeambiwa yote hayo. Naishi Manzese kwa kaka yangu na shemeji, vyumba viwili katika nyumba ya vyumba sita, uwani tunachangia na wapangaji wengine, na redio tatu kila moja na kituo chake. Tangu nimalize kidato cha nne nina jambo moja ninalolitaka, kuandika riwaya. Si hadithi ya kurasa tatu kama hizi tunazoletea jarida letu, la hasha, riwaya nzima, yenye watu wanaozaliwa na kuzeeka humo humo ndani. Na riwaya, wewe msomaji unayeandika unajua, haianzi kwa kalamu. Inaanza kwa kukaa. Kukaa huko ndiko kunakonigombanisha na watu.

Kamusi ina neno lake: taamuli. Ina na jingine, tafakuri. Yote mawili yametoka Kiarabu. Hili la pili limezaliwa tumbo moja na fikra, na lile la kwanza lina maana ya kukitazama kitu kwa makini, bila haraka. Wagiriki wa zamani walisema theoria, nalo ni neno la macho vilevile, la kutazama. Warumi walisema contemplatio, na ndani yake limo neno templum, yaani kile kipande cha anga ambacho waaguzi wao walikiwekea mipaka, kisha wakakaa chini kungoja waone ndege gani watapita humo. Nimelipenda sana hilo la Warumi. Anga lote hulimudu. Unakata kipande, unakaa, unangoja ndege.

Lakini swali langu katika makala hii si la kamusi. Swali langu ni la kimaskini: huyo aliyekaa akitazama kipande chake cha anga, chakula chake nani alikipika?

Chukua Aristotle. Karne ya 4 kabla ya Kristo, mwishoni mwa kitabu chake cha maadili, aliyaweka maisha ya taamuli juu ya maisha mengine yote. Akasema wazi kwamba yanataka nafasi, muda ambao mtu hana kazi ya lazima. Nafasi hiyo kwa Kigiriki ni skhole, na kutokana na neno hilo Wazungu wakapata jina la mahali pa kusomea, Mwingereza akatuletea skuli, Mjerumani akatuletea shule. Hebu fikiri, shule maana yake ya asili ni mapumziko! Mwalimu wangu wa hesabu hakuambiwa. Ila mji wa Athens aliokaa Aristotle uliendeshwa kwa jasho la watumwa, na yeye mwenyewe katika kitabu chake cha siasa aliutetea utumwa kwamba kuna watu wameumbwa kwa ajili hiyo. Taamuli yake ilikuwa na bei, na bei ililipwa na mtu mwingine.

Mimi sina mtumwa. Nina kaka.

Mwaka jana mwezi wa tano nilimwambia kaka kwamba naacha kazi ya dukani. Ana duka dogo la vifaa vya ujenzi, misumari, rangi, bawaba, mabomba. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba mtu hawezi kupima misumari na kutunga riwaya kwa wakati mmoja. Akanitazama, akasema, "Sawa, mdogo wangu." Hakuongeza neno. Nikanunua kauntabuku tatu na kalamu nne, nikapanda basi kwenda kwa bibi yetu, kijiji kimoja cha pwani huko Mkuranga. Kule kuna minazi, kuna upepo, na bibi mwenyewe ana masikio mazito. Kimya kitupu. Nikajiona Shaaban Robert.

Nilikaa siku kumi na mbili. Niliandika kurasa nne, na mbili kati ya hizo ni majina ya wahusika. Asubuhi nilikuwa naanza vizuri. Ikifika saa nne jua linakwama. Natazama mlangoni. Natoka nje, naangalia njia kama kuna mtu anakuja, mtu yeyote, hata anayenidai. Narudi ndani. Naanza kuona tatizo ni kiti. Baadaye naona tatizo ni kijiji, lau ningekwenda Zanzibar ningeandika. Baadaye tena naona labda sikuzaliwa kuandika, heri ningesomea umeme. Ikifika saa nane nalala. Na wakati wote huo bibi yuko barazani kanyoosha miguu, anasuka ukili wake, hana habari. Jioni ananiuliza, "Mume wangu, leo umeandika?" Nami namjibu nimeandika, bibi. Siku ya kumi na mbili unga ulikwisha, na aibu ya kulishwa na kikongwe ikanishinda. Nikarudi mjini. Nilifika usiku saa tano, nikagonga.

"Nani?" kaka akauliza. Nikataja jina langu. Kimya kidogo. Kisha nikasikia, "Siyo yeye. Mdogo wangu amekwenda kuwa mwandishi." Shemeji akaangua kicheko. Nilisimama pale ukumbini dakika kama tano, kauntabuku kwapani, mpangaji wa chumba cha mbele ananichungulia, ndipo mlango ukafunguliwa.

Miezi michache baadaye, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini kule mjini, nikaokota kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Kimekusanya visa vya wazee wa jangwa la Misri, watawa wa karne ya 4 na ya 5. Nilikinunua kwa sababu kilikuwa rahisi, sina sababu nyingine ya kujisifia. Nikawa nakisoma na kamusi pembeni. Katikati ya kitabu nikakutana na kaka yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Palikuwa na kijana jina lake Yohane, na kwa kimo chake wakamwita Yohane Mfupi. Alikaa Scetis, bonde la magadi magharibi ya mto Nile ambalo leo linaitwa Wadi Natrun. Siku moja alimwambia kaka yake kwamba anatamani kuishi bila mahangaiko kama malaika, ambao hawafanyi kazi, wanamwabudu Mungu tu bila kukoma. Akavua joho lake, akatokomea jangwani. Baada ya wiki moja huyo amerudi, anagonga. Kaka mtu akauliza ni nani. Akajitaja. Akajibiwa kutoka ndani kwamba haiwezekani, maana Yohane amekuwa malaika, hayumo tena miongoni mwa watu. Akabembeleza, wapi! Kaka akamwacha nje hadi asubuhi. Alipomfungulia akamwambia kwamba yeye ni mwanadamu, na mwanadamu hana budi kufanya kazi apate kula. Yohane akaanguka magotini akaomba radhi.

Nilicheka peke yangu ndani ya daladala, watu wakanigeukia. Miaka elfu moja na mia sita! Na kaka yangu hajakigusa kitabu hicho.

Tangu siku hiyo nikawa nawafuatilia watu hawa. Mkubwa wao ni Antoni, mtoto wa familia ya wakulima yenye mali, aliyezaliwa yapata mwaka 251. Wazazi wake walikufa akiwa kijana wa kama miaka ishirini, wakamwachia dada mdogo na ardhi nzuri ya aroura 300, ndicho kipimo chao cha mashamba. Antoni aliigawa ardhi yote kwa wanakijiji wenzake, dada yake akamweka kwa mabikira waaminifu, na yeye akahamia pembeni ya kijiji, baadaye jangwani kabisa. Alikufa mwaka 356, na Athanasius, askofu wa Aleksandria aliyeandika habari zake, anasema alikuwa na miaka 105. Kufikia hapo jangwa lilikuwa limejaa watu. Yapata mwaka 330 mzee Amoun alianzisha makazi ya Nitria, na miaka hiyo hiyo mzee Makari alianza Scetis.

Wengi wao walikuwa watoto wa wakulima wa Nile, wasemao Kikopti, na baadhi hawakujua kusoma. Mmoja wa wakubwa wao, Musa, alikuwa Mwethiopia mweusi, mtumishi wa ofisa mmoja wa serikali aliyefukuzwa kwa wizi akageuka kiongozi wa majambazi kabla ya kuwa mtawa. Huyu Musa ndiye aliyemjibu kijana mmoja, aliyekuja kutaka mafundisho, kwamba arudi akakae chumbani mwake, chumba kitamfundisha kila kitu. Maneno mazuri, lakini usiyasome ukaishia hapo kama nilivyoishia mimi kabla sijaenda kwa bibi. Chumba cha Musa kilikuwa na kazi ndani yake.

Kwa sababu hapa ndipo ninapoona historia inapinda. Kwa Aristotle, anayetaamali na anayefanya kazi ni watu wawili tofauti. Kule jangwani ni mtu mmoja.

Na kazi yenyewe! Walichukua majani ya mtende, wakayaloweka katika maji yalainike, wakayasuka kuwa ukanda mrefu, kisha ukanda ule wakaushona kwa kuuzungusha ukawa kikapu. Niliposoma hapo nikaweka kitabu chini. Maana huo ni ukili. Ni ukili wa bibi yangu, ila yeye anatumia ukindu na anashona mkeka. Niliishi na kitu hicho siku kumi na mbili mbele ya macho yangu, nikawa nakipita kwenda kuangalia njia.

Wanasimulia kwamba Antoni mwenyewe aliwahi kukaa jangwani akichoka na kila kitu, mawazo yamemsonga, akamlilia Mungu amwonyeshe namna ya kupona. Alipotoka nje kidogo akamwona mtu anayefanana naye, amekaa anasuka, anainuka anasali, anakaa tena anasuka, anainuka tena. Walisema alikuwa malaika. Lakini tazama malaika huyo alichokuja kumfundisha mtakatifu. Hakumfundisha siri ya mbinguni. Alimfundisha mpangilio wa siku.

Kuna mwingine, Arsenius, aliyekuwa mtu mkubwa katika jumba la mfalme huko Konstantinopoli kabla ya kukimbilia jangwani. Maji yake ya kuloweka majani aliyabadilisha mara moja tu kwa mwaka, mengine akawa anaongeza juu. Chumba kinanuka vibaya. Walipomuuliza alisema harufu ile ni badala ya manukato aliyoyatumia zamani. Huyu mimi simpendi sana. Naona kuna majivuno ya kitajiri hata katika uvundo wake. Mkulima angebadilisha maji.

Aliyeniteka ni yule yule Yohane Mfupi. Baada ya usiku ule wa mlangoni akawa mfanyakazi kweli. Lakini kichwa chake! Siku moja alisuka ukanda wa kutosha vikapu viwili, akaanza kushona, akashona wee, hakugundua kwamba ameumaliza wote katika kikapu kimoja hadi kikapu kilipogusa ukuta. Siku nyingine alikuja mwenye ngamia kuchukua mzigo wa kamba. Yohane akaingia ndani kumletea, humo ndani akasahau alichokifuata, akakaa na taamuli yake. Jamaa akagonga tena. Yohane akatoka, akasikiliza, akaingia, akasahau. Mara ya tatu ndipo alipoingia huku anajisemesha: kamba, ngamia, kamba, ngamia, mpaka akafanikiwa kuutoa mzigo.

Nimekisoma kisa hicho labda mara thelathini. Waandishi wengine wangemtengenezea Yohane sura ya mtakatifu anayeelea hewani. Hawa wametuachia mtu mfupi anayenong'ona kama mtoto aliyetumwa dukani. Na hajaacha kazi, wala hajaacha taamuli. Anahangaika kati ya mlango na chumba.

Wasiojua hudhani jangwa lile lilikuwa watu wachache waliokimbia dunia. Palladius, aliyeishi nao miaka ya 390, anaandika kwamba Nitria peke yake ilikuwa na watu kama 5,000, na matanuri saba ya mikate yaliyowalisha wao pamoja na wengine 600 wa jangwa la ndani. Saba! Ndipo swali langu la chakula linapojibiwa. Kulikuwa na waokaji, kulikuwa na bustani, kulikuwa na wafanyabiashara wa kuja kuchukua vikapu, na wakati wa mavuno watawa wengi walishuka bondeni kuvuna ngano za watu kwa malipo. Mgeni akifika nyumba ya wageni aliruhusiwa kukaa wiki moja bila kufanya lolote. Wiki ikiisha anapewa kazi bustanini, kwenye mikate, au jikoni. Kama ni mtu wa heshima mwenye elimu anapewa kitabu, lakini haruhusiwi kupiga soga na mtu hadi saa sita mchana. Nilihesabu siku zangu kwa bibi: nilizidisha siku tano.

Hizo saa nazo zina jambo, na hapa Mswahili tuna bahati. Watu wale walihesabu saa kuanzia macheo, kama sisi. Saa ya sita ni mchana wa saa sita, saa ya tisa ni saa tisa. Mwingereza akisoma inabidi atoe na kujumlisha. Wewe na mimi tunasoma moja kwa moja. Sasa sikiliza alichoandika Evagrius. Anasema kuna pepo anayemjia mtawa kuanzia saa nne hadi saa nane. Kwanza analifanya jua lionekane haliendi, siku ionekane ina saa hamsini. Halafu anamsukuma mtawa atazame dirishani, atoke nje, apime jua limefika wapi, aangalie huku na huku kama kuna ndugu anakuja. Halafu anamchukiza na mahali alipo, na kazi yake ya mikono, anamwonyesha sehemu nyingine ambako mambo yangekuwa rahisi na kazi nyingine yenye faida zaidi. Saa nne hadi saa nane! Nilihisi kama mtu alinichungulia kule Mkuranga akaandika. Pepo huyo wanamwita akedia. Kiswahili chake sijakipata. Uvivu si wenyewe, maana mtu anahangaika kutwa. Kuchoka si kwenyewe, maana hajafanya kitu.

Evagrius mwenyewe tungemjua vizuri sisi wa jarida hili, maana alikuwa msomi na mwandishi. Alitoka Ponto, kaskazini ya nchi ambayo leo ni Uturuki, akawa shemasi mwenye jina katika mji mkuu Konstantinopoli. Huko akampenda mke wa mkubwa mmoja. Akakimbia, akafika Yerusalemu, akaugua, na yapata mwaka 383 akaingia Misri. Miaka miwili Nitria, kumi na minne Kellia, akafariki mwaka 399. Hakusuka. Kazi yake ya mikono ilikuwa kunakili vitabu kwa mwandiko mzuri, na Palladius anasema alipokea malipo ya kile alichokula tu. Aliyapanga mawazo yanayomsumbua mtu katika mafungu manane, na kupitia wengine orodha hiyo ikageuka zile dhambi kuu saba ambazo Ulaya nzima ilizikariri. Na jina lake? Mwaka 553 mtaguso wa Konstantinopoli ulilaani mafundisho yaliyohusishwa naye, na baadhi ya maandishi yake ya Kigiriki yakaendelea kusomwa kwa jina la mtu mwingine, Nilus. Kwa hiyo ndugu yangu unayelalamika kwamba mhariri amesahau kuweka jina lako chini ya shairi, mkumbuke Evagrius.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha mzee Paulo, alichokiandika Yohane Kasiano aliyetembelea Misri mwishoni mwa karne hiyo. Paulo alikaa mbali mno, safari ya siku saba kutoka mahali ambapo angeweza kuuza. Gharama ya kusafirisha ingepita bei ya vikapu. Chakula alikuwa nacho, mitende na bustani ndogo. Lakini kila siku alisuka kipimo chake kama anayedaiwa, akajaza pango, na mwisho wa mwaka akachoma vyote moto. Akaanza upya. Kaka yangu nilipomsimulia alisema, "Huyo mzee kichaa." Nilitaka kubishana nikakosa neno. Maana kisa hicho kinapindua nilichokuwa najenga. Nilidhani kazi ni bei unayolipa ili uachiwe nafasi ya kukaa. Paulo hakuwa na wa kumlipa. Alisuka kwa sababu bila mikono kushughulika kichwa hakikai. Na hapo nikamkumbuka tena bibi, ambaye mikeka yake mingi haiuzi, anawagawia wajukuu, na mingine imekunjwa darini inaliwa na panya.

Mtu ataniambia, hayo ni ya makabwela, wewe mpe mwandishi mshahara na nyumba tulivu uone kama hatataamali. Nami namjibu kwa mtu wa Baghdad, miaka mia saba baada ya hao. Al-Ghazali alizaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058, na mwaka 1091 akapewa kiti cha ualimu katika madrasa ya Nizamiyya, cheo ambacho wanazuoni walikitamani. Wanafunzi mia tatu. Mavazi, heshima, wakubwa wanamwamkia. Mwaka 1095 akaanza kujiuliza anafundisha kwa ajili ya nani, Mungu au jina lake. Kwa miezi kama sita akawa kila siku anaamua kuondoka na kila siku anaahirisha, mpaka ulimi wake ukafunga. Anasimama mbele ya wanafunzi, neno halitoki. Chakula hakishuki. Waganga wakasema ugonjwa uko moyoni. Mwishoni mwa mwaka huo akagawa mali yake, akabakiza ya kumtosha yeye na watoto, akaaga kwamba anakwenda Makka, na kumbe anakwenda Dameski. Huko alikuwa anapanda mnara wa msikiti mkuu, anajifungia mlango, anakaa kutwa.

Angalia hilo la watoto. Hakuwaacha na njaa. Na yeye mwenyewe anakiri kwamba baadaye maombi ya watoto wake ndiyo yaliyomrudisha kwao, na kwamba shida za familia na za riziki zilimkatiza mara kwa mara, ile hali safi aliyoitafuta akaipata kwa vipindi tu. Mwaka 1106 alirudi kufundisha, Nishapur, na alifariki Tus mwaka 1111. Kitabu chake kikubwa, Ihya, masheikh wa pwani yetu wanakisoma, na kati ya sehemu zake arobaini ile ya thelathini na tisa ni ya tafakuri. Nilipomwambia bibi kwamba Ghazali naye aliitwa nyumbani na watoto, alisema, "Sasa alidhani watamwacha?"

Lazima nikiri jambo moja hapa, la sivyo nitakuwa nimewadanganya. Wazee wale hawakukaa ili watunge hadithi. Evagrius alitaka akili ya mwenye kusali iwe tupu, isiwe na picha hata moja. Watu wanaoingia kichwani bila kualikwa, mazungumzo, nyuso, kisasi, mapenzi ya zamani, yote hayo kwake yalikuwa wageni wa kufukuzwa. Mimi hao hao ndio nawatandikia mkeka wakae. Kwa hiyo siwezi kujiita mwanafunzi wake. Angenipa wiki moja halafu anipeleke jikoni. Ila naona tunapita njia moja hadi mahali fulani: wote wawili tunatakiwa tuvuke saa nne hadi saa nane bila kutoka mlangoni.

Scetis ilivamiwa na watu wa jangwani yapata mwaka 407, wazee wakatawanyika, Yohane Mfupi akakimbilia upande wa Bahari ya Shamu. Kellia ilipotea mchangani mpaka mtafiti Mfaransa Antoine Guillaumont alipoitambua mwaka 1964, na wachimbaji wakawa wanashindana na matrekta, maana mashamba mapya yalikuwa yanaifunika. Pale Wadi Natrun monasteri nne zinaendelea hadi leo.

Mimi nimerudi dukani. Mwezi wa kwanza nilirudi kwa kununa, huo ndio ukweli. Kisha nikaanza kuona kazi zipi zinakubali na zipi zinakataa. Kuuza hakukubali, mteja anataka macho yako. Kuhesabu fedha ndiyo kabisa. Lakini kuna kazi ambayo kaka huwa anaichukia na mimi nimeiomba: kuchambua misumari. Maboksi yakipasuka njiani inachanganyika, ya nchi mbili, ya nchi tatu, ya bati, na mtu anatakiwa kukaa chini stoo nyuma na kuitenga. Ni kazi ya saa mbili, tatu. Vidole vinajua vyenyewe. Humo stoo, kati ya mapipa ya rangi, mama wa riwaya yangu amefiwa na mume, ameuza kiwanja na amegombana na wifi zake. Usiku naandika. Niko ukurasa wa sitini na moja.

Juzi alikuja fundi mmoja anataka kilo mbili za misumari ya nchi tatu na bawaba jozi moja. Nikaingia stoo. Humo nikamkuta yule mama amekaa juu ya sanduku lake, wifi zake wamemfungia nje, nikasimama kumsikiliza. "Wewe vipi huko?" kaka akaita. Nikatoka, nikamtazama fundi, nikamuuliza alisema anataka nini. Akarudia. Nikaingia. Nilipotoka nilikuwa na bawaba tu. Fundi akaguna, kaka akashika kiuno.

Mara ya tatu nikaingia nikisema kwa sauti, misumari, fundi, misumari, fundi, na nyuma yangu nikamsikia kaka anamwambia yule bwana, "Mvumilie. Yuko na ngamia wake."